Kabla ya Bakora, Isikilizeni Pumzi ya Mtoto

Ndugu msomaji, ni nadra kukuta darasa la madrasa lisilokuwa na mtoto wa aina hii. Hukaa nyuma ya wenziwe, mdomo wazi, macho mazito. Asubuhi husomeshwa aya mbili akazihifadhi, na ikifika jioni zimekwisha kumtoka. Akiulizwa swali hushtuka kama mtu aliyeamshwa. Mwingine huwa kinyume chake: hatulii, huchokoza kulia na kushoto, na hukasirika kwa jambo dogo. Mwalimu humwita mzito, baba yake humwita mvivu, na bibi yake husema amekumbwa na jini. Kila jina lina dawa yake. Uvivu hutibiwa kwa bakora, jini hutibiwa kwa kombe na hirizi, ama uzito wa kichwa hudhaniwa kuwa hauna dawa, na mtoto huondolewa chuoni akauze karanga.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwamba baadhi ya watoto hawa hawakupungukiwa akili, adabu wala juhudi. Walipungukiwa pumzi. Wako waliopungukiwa wakiwa tumboni mwa mama zao, wako waliopungukiwa katika dakika za mwanzo za kuzaliwa kwao, na wako wanaopungukiwa kila usiku hadi leo, katika chumba cha pili kutoka wanapolala wazazi wao, na hakuna anayesikiliza. Hatusemi kwamba kila mtoto mzito ni mgonjwa, wala kwamba kila anayekoroma ataharibika akili. Tunachosema ni kwamba swali la pumzi liulizwe kwanza, kabla ya bakora kuinuliwa na kabla ya hirizi kufungwa.

UBONGO HAUNA AKIBA

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wake, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote ya mwili. Ubongo wa mtoto, ambao bado unajengwa, unahitaji sehemu kubwa zaidi ya hiyo. Msuli unaweza kuvumilia kwa muda pindi hewa inapopungua. Ubongo hauwezi, kwa sababu haukuwekewa akiba. Dakika chache bila ya oksijeni hutosha kuanza kuziua seli zake, na upungufu mdogo unaorudiwa usiku baada ya usiku nao huacha taathira, hata kama hauui.

Safari ya hewa mwilini si habari ngeni kwa waliosoma historia ya elimu katika lugha ya Kiarabu. Tabibu Ibn al-Nafis, ambaye asili yake ni Sham na aliyefanya kazi Misri hadi kufariki kwake mwaka 1288, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikaenda mapafuni, huko ikachanganyika na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Kabla yake, katika karne ya 10, Ibn al-Jazzar wa Qayrawan aliandika kitabu kizima juu ya malezi na matibabu ya watoto, na al-Baladi akaandika kingine juu ya utunzaji wa wajawazito na watoto wachanga. Wanazuoni hao hawakusema kwamba afya ya mjamzito ni mambo ya wanawake yasiyostahiki kalamu ya mwanachuoni. Vipi basi sisi tunaojinasibisha na urithi wao tuone haya kuuliza namna wake zetu wanavyolala?

Na lugha yetu yenyewe ina somo hapa. Pumua, pumzi na pumzika ni maneno ya ukoo mmoja. Asiyepumua vizuri hapumziki, hata akilala saa 10.

MAMA ANAYEKOROMA

Mtu anapolala, misuli ya koo lake hulegea. Hewa ikipita katika njia iliyobanwa, koo hutikisika na sauti hutoka, na huko ndiko kukoroma. Kwa baadhi ya watu jambo haliishii hapo. Njia hujifunga nusu au kabisa, kifua kinajitahidi lakini hewa haiingii. Oksijeni katika damu hushuka, ubongo hushtuka, mlalaji hugutuka kwa kishindo, akavuta hewa, kisha akalala tena. Asubuhi hakumbuki lolote ila kichwa kinamuuma na usingizi haujamtosha. Matabibu wanaoandika kwa Kiarabu huiita hali hii inqitaa an-nafas, nasi tunaweza kuiita kukatika kwa pumzi usingizini. Kwa mtu mzima, kila pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa kuwa tukio moja. Matukio yakifika 5 kwa saa huhesabiwa kuwa ni maradhi, na yakifika 30 kwa saa ni maradhi makali.

Mimba huongeza uzito, huvimbisha ngozi laini ya ndani ya pua na koo, na hulisukuma tumbo juu kuelekea mapafuni. Kwa hiyo mwanamke ambaye hakuwahi kukoroma anaweza kuanza kukoroma katika mwezi wa 6 au wa 7. Katika nyumba zetu jambo hili ni la kuchekwa. Mume huwasimulia wenziwe barazani, mawifi hutania, na mama mwenyewe huona aibu, akanyamaza. Hasemi hata anapokwenda kliniki, na aghalabu kliniki nako haulizwi.

Mwaka 2017 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti uliowafuatilia zaidi ya wanawake 3,000 waliobeba mimba kwa mara ya kwanza, wakapimwa usingizi wao majumbani. Mwanzoni mwa mimba, asilimia 3.6 walikuwa na tatizo hili la pumzi. Ilipofika katikati ya mimba walikuwa asilimia 8.3. Wenye tatizo hilo walikuwa katika hatari inayokaribia maradufu ya kupata shinikizo la damu la mimba, lile linaloweza kuishia katika kifafa cha mimba, na hatari zaidi ya maradufu ya kupata kisukari cha mimba. Maradhi yote mawili humfikia mtoto. Shinikizo la damu hudhoofisha kondo la nyuma, nalo ndilo pafu la mtoto aliye tumboni. Kondo likidhoofika mtoto hukosa chakula na hewa, akazaliwa mdogo au akazaliwa njiti.

Je, akili ya mtoto nayo huathirika moja kwa moja? Hapa inatupasa kuwa waangalifu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walichapisha utafiti juu ya panya. Waliwaweka panya wajawazito, katika kipindi cha mwisho cha mimba, mahali ambapo oksijeni ilipunguzwa na kurejeshwa mara kwa mara wakati wa kulala kwao, ili kuigiza kukatika kwa pumzi. Madume waliozaliwa na mama hao walionyesha dosari katika kumbukumbu na katika kuchangamana na wenzao, mambo yanayofanana na baadhi ya dalili za usonji, na ubongo wao ulikuwa na tofauti katika viunganisho vya seli. Panya si binadamu, na haijuzu kwa mwenye insafu kuchukua matokeo hayo akamwambia mama yeyote kwamba usonji wa mwanawe umetokana na kukoroma kwake. Lakini pia si busara kuyapuuza, ilhali kumuuliza mjamzito namna anavyolala hakugharimu chochote.

Basi mama asilaumiwe. Hakuchagua kukoroma, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kujua kwamba pumzi yake inakatika. Anayejua ni anayelala naye. Kwa hiyo dhima ya kwanza ni ya mume: asikilize, asicheke, na amwambie muuguzi wa kliniki kwa ulimi wake mwenyewe kwamba mke wangu hukoroma sana, hunyamaza ghafla, kisha hushtuka kama anayekabwa. Shinikizo la damu na sukari vipimwe kila anapohudhuria. Katika miezi 3 ya mwisho alale ubavu, asilale chali. Na penye hospitali yenye uwezo, ipo mashine inayosukuma hewa kupitia kifuniko cha puani ili koo lisijifunge. Colin Sullivan na wenziwe waliitangaza huko Australia mwaka 1981, nayo hutumika hata kwa wajawazito.

Fauka ya hayo, koo si mlango pekee wa kupungukiwa hewa. Oksijeni hubebwa na damu, na mjamzito mwenye upungufu wa damu hubeba kidogo hata kama anavuta hewa safi. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki havikutolewa ili vikae juu ya kabati. Na kuna jiko la mkaa. Katika baadhi ya nyumba, mzazi hufungiwa chumbani na mwanawe mchanga, dirisha likazibwa kwa kuogopa baridi, na jiko la mkaa likawekwa ndani ili wapate joto. Mkaa huo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi, ambayo hushika mahali pa oksijeni katika damu. Watu wamelala nayo wasiamke. Mtoto afunikwe nguo, akumbatiwe kifuani mwa mama yake, na jiko libaki uani.

DAKIKA YA KWANZA

Wakati wa pili wa hatari ni kuzaliwa kwenyewe. Katika watoto 10 wanaozaliwa, takriban mmoja huhitaji msaada wa aina fulani ili aanze kupumua. Wengi wao hawahitaji zaidi ya kukaushwa vizuri kwa kitambaa na kusuguliwa mgongo. Wachache huhitaji kupulizwa hewa kwa mfuko na kifuniko cha kupumulia. Na hilo halingoji. Wataalamu wameiita dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa kuwa ni Dakika ya Dhahabu, kwa kuwa ndani yake mtoto asiyepumua anapaswa awe amekwisha kuanza kupewa hewa.

Tabibu wa Marekani, Virginia Apgar, alibuni mwaka 1952 kipimo ambacho hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Mtoto huangaliwa mapigo ya moyo, pumzi, nguvu za misuli, mwitikio na rangi ya ngozi, na kila kimoja hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, katika dakika ya 1 na ya 5. Kabla ya kipimo hicho, mtoto aliyezaliwa bila ya kulia mara nyingi aliwekwa kando, akahesabiwa kuwa amekufa au hana matumaini.

Nasi tuna ushahidi kutoka nyumbani. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua yaliyotolewa kwa wakunga katika hospitali 8 za Tanzania. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Watoto waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu punde tu nao walipungua kwa asilimia 24. Litafakari jambo hili, ndugu msomaji. Maana yake ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikwa maiti walikuwa hai, wanangoja pumzi. Na mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya mpango mwingine katika vituo 30 vya mikoa 5 ya nchi hiyo hiyo, ambako wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara. Vifo vya mapema vya watoto wachanga vilipungua kwa asilimia 40. Hakuna muujiza wa mitambo hapa. Kuna mikono iliyofundishwa na isiyoachwa ikasahau.

Ama mtoto aliyekosa hewa kwa muda mrefu akaokoka, huweza kupata degedege katika siku za mwanzo, na baadaye mtindio wa ubongo, kifafa, upungufu wa kusikia au wa kuona, au ugumu wa kujifunza unaojitokeza pale tu anapoanza chuo. Si kila mtindio wa ubongo umetokana na uzazi mgumu, kwani zipo sababu nyingine nyingi, zikiwemo maambukizi, manjano kali na kuzaliwa njiti. Lakini tujue pia kwamba jeraha hili likishatokea, tiba yake ni finyu. Katika nchi tajiri, mtoto hupozwa mwili hadi nyuzi 33 au 34 za joto kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa 6 za kuzaliwa, na imethibiti kwamba hilo husaidia. Njia hiyo hiyo ilipojaribiwa kwa watoto 408 katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa haikupunguza vifo wala ulemavu, bali vifo vilizidi. Kwa watu wa hali yetu, basi, kinga ndiyo tegemeo.

Na kinga hiyo huanzia sebuleni kwetu. Mwanamke anaumwa uchungu tangu alfajiri, na watu wa nyumbani wanangoja mume arudi safari atoe ruhusa. Au wanangoja mkwe aseme neno. Au fedha ya gari haikuwekwa, ijapokuwa ya sherehe ya arubaini imekwisha kukusanywa. Kila saa inayopita, kila uchungu unapobana, mtoto aliyekwama hupungukiwa hewa. Kisha miaka 7 baadaye tunamchapa kwa kuwa hashiki alifu na bee! Ruhusa itolewe kabla ya safari, fedha iwekwe kabla ya mwezi wa 9, na mtoto azaliwe penye mkunga aliyefundishwa. Na asiyelia asitundikwe kichwa chini akapigwa makofi, wala asimwagiwe maji baridi. Mambo hayo hayampi pumzi, na wakati unaopotea haurudi.

MTOTO ANAYEKOROMA

Wakati wa tatu ndio ulio karibu zaidi na sisi walimu. Nyuma ya pua ya kila mtoto kuna nyama laini, ambazo watu wetu huziita nyama za puani, na pembeni mwa koo yapo mafindofindo. Kati ya umri wa miaka 2 na 8 vitu hivi huwa vikubwa kulinganisha na njia ya hewa, na kwa baadhi ya watoto huvimba hata kuiziba. Mtoto wa namna hiyo hupumua kwa mdomo mchana, na usiku hukoroma. Takriban mtoto mmoja katika 10 hukoroma mara kwa mara. Wanaokatikiwa na pumzi hasa ni kati ya mmoja na 5 katika kila 100. Na kipimo cha mtoto ni kikali kuliko cha mtu mzima: hata tukio moja kwa saa huhesabiwa kuwa si la kawaida.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1868 tabibu Wilhelm Meyer wa Copenhagen alizieleza nyama za puani na madhara yake. Mwaka 1889 tabibu William Hill aliandika katika jarida la matabibu wa Uingereza kwamba miongoni mwa sababu za watoto kuonekana wajinga na kubaki nyuma ni kuziba kwa pua na koo. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenziwe wa Stanford wakawaeleza watoto 8 waliokuwa wakikatikiwa na pumzi usingizini. Zaidi ya miaka 130 imepita tangu Hill aandike, na bado bakora inatangulia.

Mwaka 1998 David Gozal alichapisha uchunguzi wa watoto 297 wa darasa la kwanza nchini Marekani, wote wakiwa miongoni mwa wenye alama za chini kabisa. Kati yao, 54 walikutwa na tatizo la pumzi usiku. Wazazi wa watoto 24 walikubali watoto wao watolewe mafindofindo na nyama za puani, na wazazi wa 30 hawakukubali. Mwaka uliofuata, alama za wale 24 zilipanda. Za wale 30 hazikupanda. Na mwaka 2001 ikaonekana kwamba wanafunzi wa miaka 13 na 14 wenye alama za chini, wengi wao zaidi walikuwa wamekoroma utotoni kuliko wenzao wenye alama za juu.

Uadilifu unatutaka tutaje na upande wa pili. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la watoto 464 wa umri wa miaka 5 hadi 9, waliogawanywa kwa kura: wengine wakafanyiwa upasuaji mapema, wengine wakasubiriwa kwa uangalizi. Baada ya miezi 7, usingizi ulikuwa umerudi kuwa wa kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji, na kwa asilimia 46 ya waliosubiriwa. Tabia na hali ya maisha ziliboreka zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji. Lakini katika mtihani rasmi wa umakini wa akili, haikuonekana tofauti kubwa baina ya makundi mawili. Funzo lake ni mambo mawili. La kwanza, si kila akoromaye anahitaji kisu. Wako wanaopona kadiri wanavyokua, na mwenye kuamua ni daktari wa masikio, pua na koo. La pili, asiahidiwe mzazi kwamba mtoto akitolewa mafindofindo leo, kesho atakuwa wa kwanza darasani. Ataahidiwa usingizi, utulivu na nafasi ya haki ya kujifunza. Hicho si kitu kidogo.

Dalili zenyewe hazihitaji chuo kikuu. Hukoroma nyusiku nyingi za wiki, hata asipokuwa na mafua. Pumzi hunyamaza kisha hurudi kwa mshtuko. Hulala shingo ikiwa imekunjwa nyuma, hutoka jasho jingi, hukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha. Huamka na kichwa kinamuuma. Mchana husinzia, au huwa mtundu kupita kiasi, kwa kuwa mtoto aliyekosa usingizi mara nyingi hachoki kama mtu mzima, bali huchachawa. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali. Na mwenye selimundu akikoroma, asicheleweshwe hata kidogo, kwani kushuka kwa oksijeni usiku kunamdhuru zaidi kuliko mwenziwe.

Wala asipelekwe kukatwa kimeo. Desturi hii imewatoa damu watoto wengi, ikawaingizia maradhi kwa wembe mchafu, na wengine ikawaua, ilhali kimeo sicho kilichoziba njia. Ama hirizi inayoning'inia shingoni haipanui koo lililo ndani ya shingo hiyo.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako watakaosema: wazee wetu walikoroma, na watoto wao wakawa maulamaa. Ni kweli. Wapo waliovuka mto wenye mamba wakasalimika pia, na hatukuufanya kuwa njia. Wale waliokwama hatuna habari zao, kwa sababu waliondolewa chuoni mapema, majina yao hayakuandikwa popote.

Wako watakaosema: mwalimu si tabibu. Hilo nalo ni kweli, na hakuna anayemtaka mwalimu atibu. Lakini mwalimu ndiye anayekaa na mtoto mchana, akaona kile ambacho mzazi aliyechoka hakioni. Ushahidi wake unahitajika. Na kama si tabibu wa kutibu, basi si tabibu vile vile wa kuandika dawa ya bakora.

Na wako watakaosema kwamba huku ni kuwadekeza watoto. Tunawajibu: mvivu wa kweli hatapoteza kitu kwa kuulizwa alilalaje. Mgonjwa atapoteza mengi kwa kutoulizwa. Mtoto ni amana, na mwenye amana huanza kwa kuichunguza kabla ya kuilalamikia.

LA KUFANYA

Kwanza, kila madrasa inapoandikisha mtoto, daftari liwe na maswali matatu zaidi ya jina na umri: Je, alilia mara alipozaliwa? Je, hukoroma? Je, hupumua kwa mdomo? Majibu hayo hayamzuii mtoto kuandikishwa. Yanamwongoza mwalimu amweke wapi na amfuate vipi.

Pili, mwalimu anayeona mtoto anasinzia siku 3 mfululizo, amwite mzazi kabla hajaigusa bakora. Amwambie akae karibu na mwanawe usiku mmoja na kusikiliza kwa muda. Wenye simu ya kurekodi wairekodi sauti hiyo wampelekee daktari, kwani itamsaidia.

Tatu, kamati za madrasa za bweni zikague mabweni usiku. Madirisha yafunguliwe, jiko la mkaa lisiingizwe ndani, na wanafunzi wasirundikwe. Mwenye kukoroma sana aandikwe, asifukuzwe na wenziwe wala asipewe jina la kejeli.

Nne, darsa za akina mama ziwaalike wakunga na wauguzi wafundishe juu ya usingizi wa mjamzito, vidonge vya chuma, dalili za hatari na maandalizi ya kujifungua. Na darsa za wanaume zifundishwe hayo hayo, maana ruhusa na fedha mara nyingi ziko mikononi mwao.

Tano, wenye uwezo miongoni mwetu wafikirie kununulia zahanati za karibu mifuko ya kupumulia ya watoto wachanga na kugharimia mazoezi ya wakunga. Tumezoea kuchangia mazulia na vipaza sauti, na hilo ni jema. Lakini kifaa kidogo kinachomtia mtoto pumzi katika dakika yake ya kwanza kinastahiki nacho mahali katika daftari la michango.

Mtoto aliyeumia ubongo tangu kuzaliwa, ambaye hakuna upasuaji utakaomrudisha, naye ana haki kwetu. Huyo asisomeshwe kwa kasi ya wenziwe kisha akaadhibiwa kwa kuchelewa. Apewe sehemu fupi, arudiwe mara nyingi, akae mbele, asifiwe kwa hatua yake mwenyewe. Na mama yake asiambiwe kwamba amerogwa au ameadhibiwa. Muulizeni uchungu ulichukua saa ngapi, na nani alichelewa kumpeleka. Huenda jibu likamwondolea yeye lawama, likaturudia sisi.

Wabillahi tawfiq.